Boti ya Picha za Shabiki: Shajara ya Mradi

Kukabidhiwa

Akaunti hii ya Twitter, ambayo ni boti, yaani programu inayoposti yenyewe, sikuianzisha mimi. Kwa muda mrefu ilikuwa ikiposti picha za mhusika mmoja wa anime, picha moja kila saa, usiku na mchana, na mwenye nayo alipochoka akatangaza kwamba anayeitaka aseme. Nikasema. Nikapewa nywila, skripti fupi ya Python, na folda. Mhusika mwenyewe simtaji humu, kwa sababu baadhi ya wachoraji nilioelewana nao hawapendi mazungumzo yetu yafuatiliwe na mashabiki, na jina lake likishaonekana tu, akaunti itajulikana.

Skripti ilijua kazi moja: fungua folda, chukua faili yoyote kwa bahati nasibu, iposti. Jina la mchoraji hakuna, kiungo hakuna, maelezo ya picha hakuna. Akaunti nyingi za aina hii ziko hivyo, na ndiyo maana wachoraji wengi wakisikia habari za boti ya picha wanakunja uso. Lengo nililojiwekea ni boti iendelee kujiendesha yenyewe, ila kila mchoro unaotoka uwe na mwenyewe anayejulikana na ruhusa yake iwe imeandikwa mahali.

Skripti yenyewe iliandikwa enzi ambazo Twitter (sasa X) iligawa API yake, yaani mlango ambao programu hupitia kutuma na kusoma posti, bure kwa yeyote. Enzi hizo ziliisha 2023. Februari ikatangazwa kwamba njia ya bure inafungwa, na mwishoni mwa Machi yakatoka madaraja mapya: la bure lenye posti 1,500 kwa mwezi, kutuma tu bila kusoma, la dola 100 kwa mwezi, na la makampuni. Wimbi hilohilo liliondoka na Cheap Bots, Done Quick!, huduma ya V Buckenham iliyowawezesha watu wasiojua kuandika programu kutengeneza boti kwa kutumia Tracery, zana ya kutunga maandishi ya Kate Compton. Waendesha boti wengi wakahamia Mastodon, mtandao wa kijamii unaoendeshwa na seva nyingi zinazojitegemea, kwenye seva ya botsin.space iliyotengwa kwa ajili ya boti. Oktoba 2024 nayo ikatangaza kwamba inafunga. Kwa hiyo kabla sijaandika mstari wowote wa msimbo, niliandika kanuni: hifadhi ya picha na kumbukumbu zake zikae kwangu, na mtandao wowote wa kijamii uwe ni tundu la kutolea tu, linaloweza kuzibwa kesho bila mradi kufa.

Folda

Picha elfu tatu na ushee. Majina ni ya aina ya 0412.jpg na “picha (7) (1).png”. Nimeanza na kuondoa pacha.

Pacha wa baiti kwa baiti hawasumbui. Unapiga SHA-256, hesabu inayoipa faili alama yake ya utambulisho, kwa kila faili na zinazolingana zinatoka. Shida ni kwamba picha ya shabiki ikishapita kwenye mitandao mitatu imebanwa upya mara tatu, imepunguzwa upana, pengine imekatwa ukingo, na baiti zake hazifanani tena na za mwanzo ingawa jicho halioni tofauti. Hapo inatakiwa alama ya kidole ya mwonekano wa picha, si ya faili. Nimetumia dHash, mbinu ambayo Neal Krawetz aliieleza 2013. Picha inashushwa hadi pikseli 9 kwa 8, inageuzwa kuwa ya kijivu, kisha kila pikseli inalinganishwa na jirani yake wa kulia: ipi ina mwanga zaidi? Mstari wa pikseli 9 unatoa milinganisho 8, mistari iko 8, jumla biti 64, kila moja ikiwa 0 au 1. Halafu unahesabu ni biti ngapi zinatofautiana kati ya picha na picha. Ukipata sifuri, karibu hakika ni picha ileile. Ukivuka 10, mara nyingi ni picha mbili.

Kwa michoro ya mashabiki imefanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwa picha za skrini zilizotolewa kwenye vipindi vyenyewe, imenichekesha. Kuna jozi moja: mhusika kasimama dirishani, anaonekana kuanzia kiunoni. Katika ya kwanza macho yako wazi. Katika ya pili yamefumbwa na chozi linashuka. Muulize shabiki yeyote, atakwambia hizo ni picha mbili ambazo haziwezi kubadilishana. dHash ikasema tofauti ni sifuri. Na inaeleweka: ukibana fremu nzima ndani ya pikseli 72, jicho halibaki na hata pikseli moja ya kwake. Nimepandisha kipimo hadi 17 kwa 16, yaani biti 256, kwa picha za skrini peke yake, na jozi ile imeachana kwa biti chache, zinazotosha kuipeleka kwa mkaguzi. Mkaguzi ni mimi, na dirisha lenye picha mbili kando kwa kando na vitufe viwili: “moja”, “mbili”.

Kazi hiyo inachosha macho, lakini ndiyo iliyonifundisha folda. Kwa mfano, nilidhani kati ya pacha wawili ningebakiza yule mkubwa na kuendelea. Kumbe wakubwa wengi wamekuzwa na programu: mistari ya kalamu imekuwa laini kama plastiki, na vitone vya karatasi ambavyo mchoraji aliviweka makusudi vimefutwa. Sasa ninaangalia kwanza kona. Yule ambaye saini yake haijakatwa ndiye anayebaki, hata akiwa mdogo.

Nani kachora?

Hapa ndipo muda unapoishia.

Zana zipo, tena nzuri. SauceNAO na IQDB ni tovuti za kutafuta chanzo: unazipa picha, zinakurudishia kurasa ambako picha hiyo au ndugu yake imewahi kuonekana. Danbooru, hifadhi ya picha za anime mtandaoni ambayo ipo tangu 2005, ina watu wanaobandika kila picha lebo za mchoraji, mhusika, na kiungo cha chanzo, kwa nidhamu ambayo maktaba nyingi za kweli zingeionea wivu. Picha isiyo na jina inaweza kupata mwenyewe ndani ya sekunde chache. Chanzo mara nyingi ni Pixiv, mtandao wa wachoraji wa Kijapani, au X. Lakini kiungo cha chanzo kinaweza kuwa kimekufa: mchoraji kafuta akaunti, kabadilisha jina, au kafuta mchoro ule mmoja tu. Hilo la mwisho ninalichukulia kuwa jibu. Mtu aliyeondoa mchoro wake mwenyewe hadharani hahitaji boti yangu iurudishe kila baada ya wiki kadhaa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na folda niliyorithi ni ushahidi. Daftari langu ni faili moja ya SQLite, hifadhidata ndogo. Jedwali la picha lina alama ya kidole, vipimo, chanzo, na maelezo ya kile kinachoonekana. Jedwali la wachoraji lina jina jinsi anavyotaka liandikwe na kiungo anachotaka watu wapelekwe. Jedwali la tatu ni la ruhusa, nalo nililifikiria zaidi kuliko yote mengine, kwa sababu ruhusa si ndiyo au hapana. Ina mtandao, ina masharti, ina tarehe ya kutolewa, na ina nafasi ya kufutwa.

Inboksi

Ujumbe ninaotuma ni mfupi. Ninajitambulisha, ninaweka kiungo cha akaunti, ninabandika mchoro ninaouomba, ninasema wazi kwamba ni boti, kwamba haiingizi pesa, kwamba jina na kiungo vitakuwa kwenye kila posti, na kwamba akisema “ondoa” siku yoyote itaondolewa bila maswali. Situmi kwa mashine. Ingekuwa kichekesho kuomba ridhaa ya mtu kwa boti.

Kabla ya kutuma ninasoma wasifu. Wachoraji wengi wa Pixiv wameandika pale juu, kwa Kijapani, kwamba kupakia upya kazi zao bila idhini ni marufuku. Wengine wameongeza kwamba hata wakiombwa hawatoi. Hao siwasumbui, jina linaingia kwenye daftari likiwa na “hapana”, ili picha yao ikijitokeza tena kutoka pembe nyingine ya folda isipite.

Majibu yamekuwa na sura nyingi. Mchoraji mmoja karuhusu Mastodon na Bluesky, mtandao wa tatu ninaoutumia, kakataa X. Mwingine karuhusu kote kwa sharti kwamba picha isikatwe hata ukingo. Mwingine kataka michoro yake ya zamani isitumike, ya miaka ya karibuni tu, kwa sababu ile ya mwanzo anaionea haya. Na mmoja tukajikuta tunaandikiana kwa Kiswahili:

“Habari yako dada. Naendesha boti ya picha za mhusika huyu, naomba ruhusa ya kutumia michoro yako miwili, hii na hii. Jina lako na kiungo vitakuwepo kila mara.”

“Nzuri kaka, asante kwa kuuliza. Hiyo ya pili iko tayari kwenye boti yako, niliiona bila jina langu. Nilinyamaza tu.”

Nikamtumia kiungo cha posti ya zamani niliyoikuta kwenye akaunti, akathibitisha ndiyo hiyo, nikaifuta.

“Sasa weka upya, ila utumie faili nitakayokutumia. Hiyo yenu rangi zake zimekufa.”

Faili ikaja. Kweli zilikuwa zimekufa: nyekundu ya kitambaa cha kichwa ilikuwa imegeuka kahawia, na kivuli cha zambarau chini ya kidevu kilikuwa hakipo kabisa. Tangu hapo swali la mwisho katika ujumbe wangu ni kama mchoraji ana faili bora anayoipendelea. Wengi wanayo.

Wasiojibu ni wengi kuliko waliojibu, na kimya sikihesabu kuwa ruhusa. Picha elfu tatu na ushee zimebaki takriban elfu moja, na katika hizo michoro ya mashabiki yenye idhini ni sehemu ndogo kuliko picha za skrini. Kuna mashabiki watakaosema boti imekuwa maskini. Mimi naona imekuwa akaunti ninayoweza kuitetea.

Faida ambayo sikuipangia: suala la picha zilizotengenezwa na akili mnemba limejitatua. Pixiv ilianza kutaka kazi hizo zitambulishwe kwa lebo Oktoba 2022, lakini picha ikishatangatanga nje ya Pixiv lebo haiandamani nayo, na programu zinazodai kuzitambua siziamini. Katika mfumo wa ruhusa swali halifiki huko. Mchoro usio na mtu wa kumuuliza hauingii.

Picha za skrini

Hizi ni mali ya studio, na hakuna shabiki anayeandika barua kwa studio akajibiwa. Watu hukimbilia kusema “matumizi ya haki”. Katika sheria ya Marekani hilo ni jambo linalopimwa na mahakama kwa vigezo vinne vya kifungu cha 107: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la kazi hiyo. Si cheti unachojiandikia kwenye wasifu wa akaunti. Boti inayoposti kila fremu ya kipindi kwa mpangilio imejiweka pabaya kwenye kigezo cha tatu hata kama haipati senti.

Uamuzi wangu: fremu chache kwa kila kipindi, zisizofuatana, upana usiozidi pikseli 1280, na hakuna fremu ya vipindi vipya hadi watu wapate muda wa kuvitazama. Kuzichagua ninatumia ffmpeg, programu ya kuchakata video, na kichujio chake cha mabadiliko ya tukio. Ukiweka kizingiti karibu na 0.4 inakutolea fremu pale tu ambapo picha imebadilika sana, kwa kawaida mkato wa kamera. Tatizo dogo: fremu ya kwanza baada ya mkato mara nyingi ni mbaya, mdomo nusu wazi, mkono katikati ya njia. Ninasogea mbele nusu sekunde, ndipo ninaichukua.

Kuhusu pesa, neno moja. Tangu 2023 X inawagawia baadhi ya wenye akaunti sehemu ya mapato yake, na zipo akaunti za picha za mashabiki zilizogeuzwa biashara kwa njia hiyo. Kula kwa mkono wa mchoraji ambaye hata jina lake hukuliandika, hapana.

Kuchagua picha

Skripti ya zamani ilichagua kwa bahati nasibu kila mara, na wafuasi walikuwa wakilalamika kwamba inarudia. Ilikuwa inarudia kweli, na haikuwa hitilafu. Ukiwa na picha 1,000 na unachagua upya kila mara bila kukumbuka ulichotoa, baada ya picha 38 tu uwezekano wa kuwa umerudia angalau moja unavuka nusu. Kwa posti ya kila saa hiyo ni kabla siku ya pili haijaisha. Ni hesabu ileile ya watu 23 chumbani na wawili kati yao kuzaliwa tarehe moja.

Dawa yake ni ya zamani: zichanganye zote mara moja kama karata, toa moja moja hadi ziishe, ndipo uchanganye tena. Nimeongeza masharti mawili. Mchoraji yuleyule asitokee mara mbili mfululizo, na picha 100 za mwisho za mzunguko uliopita zisiingie katika 100 za kwanza za mzunguko mpya, maana mchanganyo mpya haujui wa zamani uliishia wapi. Mpangilio mzima unaandikwa kwenye hifadhidata, haubaki kwenye kumbukumbu ya programu, ili seva ikizimika isianze moja.

Ratiba

Kila saa ni picha 24 kwa siku, 744 kwa mwezi wa siku 31. Daraja la bure la X lilipokuwa posti 1,500, uliweza kuposti hata kila nusu saa: 48 mara 31 ni 1,488. Mwishoni mwa 2024 idadi hiyo ikashushwa hadi 500, na daraja la dola 100 likapandishwa hadi 200. Kwa kikomo hicho cha 500, kuposti kila saa hakukuwezekana. Kila dakika 90 kuliwezekana: 16 kwa siku, 496 kwa mwezi mrefu, zikabaki nne za dharura.

Nimechukua dakika 90 kwa mitandao yote, hata ile isiyo na kikomo hicho. Sababu ni ya ladha. Mfuasi anayefuata akaunti chache anafungua simu asubuhi anakuta ukurasa wote ni sura moja. Anaipenda sura hiyo, lakini si kiasi hicho.

Kumbuka kwa atakayejaribu: cron, programu ya seva inayoanzisha kazi kwa ratiba, haiwezi kusema “kila dakika 90” kwa mstari mmoja. Inataka miwili:

0 0-21/3 * * *
30 1-22/3 * * *

Wa kwanza unashika 0:00, 3:00, 6:00 na kuendelea. Wa pili 1:30, 4:30, 7:30. Vyote kwa UTC, saa ya kimataifa, ili mabadiliko ya saa za majira ya joto ya nchi yoyote yasinirukie posti.

Nilifikiria kuendesha kila kitu bure kwenye GitHub Actions, huduma inayoendesha msimbo wako kwenye mashine zao. Nyaraka zao zinasema wazi kwamba kazi za ratiba zinaweza kuchelewa wakati wa msongamano, hasa mwanzoni mwa saa, na kwamba katika hifadhi ya msimbo iliyo wazi kwa wote ratiba inazimwa ikipita siku 60 bila shughuli. Boti nzuri ni ile isiyoguswa kwa miezi, kwa hiyo kigezo hicho cha pili kinaniondoa. Nimeweka kwenye seva ndogo.

Kutuma

Mitandao mitatu, tabia tatu. Mastodon ndiyo yenye adabu zaidi kwa mtu anayetengeneza boti. Unapakia picha kwanza, unapewa namba yake, unaiambatisha kwenye posti. Kuna kichwa cha ombi kinachoitwa Idempotency-Key: ukituma ombi lilelile mara mbili kwa ufunguo mmoja, seva inatambua na haitoi posti mbili. Kwangu ufunguo ni namba ya zamu kwenye ratiba.

Bluesky, nilipoiandikia programu, ilikubali picha zisizozidi baiti 1,000,000 kila moja, nne kwa posti. Michoro ya kina haikuingia hapo. Ninaanza na JPEG ya ubora 92 na kushuka hatua tatu tatu hadi itoshe. Ikifika 74 bado haijatosha, ndipo ninapunguza vipimo. Wale walioweka sharti la kutokata ukingo hawajalalamikia kupunguzwa. Pia nyaraka zao zinashauri uondoe mwenyewe taarifa zilizofichwa ndani ya faili kabla ya kupakia. Mchoraji aliyepiga picha mchoro wa karatasi kwa simu anaweza kuwa amebeba mahali alipo ndani ya faili hiyo. Ninafuta kwa kila mtandao, bila kubagua.

Kilichonila jioni nzima ni viungo. Bluesky hailitambui jina la mchoraji kuwa kiungo hadi uiambie linaanzia wapi na kuishia wapi, na mahali hapo panahesabiwa kwa baiti za UTF-8, mfumo wa kuhifadhi maandishi kwenye kompyuta, si kwa herufi. Majaribio yote niliyofanya kwa majina ya herufi za kawaida za Kilatini yalipita, kwa sababu hapo herufi moja ni baiti moja. Jina la kwanza la Kijapani likatoka na kiungo kilichokata jina katikati. Herufi nne za Kijapani ni baiti 12. Mimi nilikuwa naipa nne. Sasa hesabu yote inafanywa baada ya kugeuza maandishi kuwa baiti, na majaribio yana jina la Kijapani, la Kikorea, na moja lenye emoji.

Kila posti ina maelezo ya picha kwa wasioona. Nimeyaandika kwa mkono, yote. Mashine inayoelezea picha ilinipa “msichana mwenye nywele ndefu” kwa picha mia kadhaa, jambo ambalo ni kweli na halimsaidii mtu yeyote.

Adabu ya boti

Kwa X nimewasha lebo ya akaunti inayojiendesha, ile inayoonyesha chini ya jina ni binadamu gani anaisimamia. Kwa Mastodon kuna kisanduku cha kutia alama. Kwa Bluesky nimeweka lebo ya boti kwenye wasifu. Boti haimfuati mtu, haibonyezi laiki (X imekataza laiki za mashine waziwazi), haijibu, haitumii alama za reli zinazovuma. Inaposti na kunyamaza. Watu wakiandika chini ya posti, ninajibu mimi kwa akaunti yangu.

Hitilafu

Mtandao mmoja, sitautaja, ulipokea posti kisha ukakata mawasiliano kabla ya kunijibu. Programu ikadhani imeshindwa, ikarudia. Picha moja, mara mbili, sekunde chache kati yake. Kwa Mastodon ule ufunguo ungelizuia hilo. Kwa Bluesky kuna njia nyingine: kitambulisho cha posti unaweza kukitunga mwenyewe kabla ya kutuma, ukakiandika kwenye hifadhidata, na ukirudia kwa kitambulisho kilekile unaandika juu ya ileile badala ya kuzaa mpya. Kusiko na ufunguo wala kitambulisho, zamu inaandikwa “inasubiri” kabla ya ombi kuondoka. Jibu lisipokuja, programu hairudii, inaniachia ujumbe. Bora zamu moja ikose kuliko pacha watoke.

Kingine kidogo ni tahadhari ya ukimya. Programu iliyokufa haiwezi kukuambia imekufa, kwa hiyo kuna kijiskripti cha pembeni kinachotazama tu muda wa posti ya mwisho iliyofanikiwa. Ukizidi saa nne, simu yangu inalia.

Ondoa

Amri niliyoifanyia majaribio mengi kuliko zote haiposti chochote. Unaipa namba ya picha au ya mchoraji, inatafuta vitambulisho vya posti zake zote kwenye mitandao yote mitatu, inazifuta, inaondoa picha kwenye foleni, na kugeuza ruhusa kuwa “hapana” yenye tarehe. Ndiyo maana kila jibu la seva ninalihifadhi lilivyo: bila kitambulisho cha posti, ahadi ya kuondoa ni maneno matupu.

Posti za zamani, zilizotoka kabla sijakabidhiwa, hazina kitambulisho kwenye daftari langu, na kufuta maelfu kwa mkono haiwezekani. Nimeomba nakala ya kumbukumbu za akaunti kutoka kwenye mipangilio. Ndani yake kuna kila posti na namba yake. Nimepitisha dHash kwenye picha zilizomo, nikazilinganisha na daftari, na zile za wachoraji walioandika “hapana” zinafutwa sasa hivi, polepole, chini ya ukomo wa maombi. Nimewatahadharisha wachoraji kuhusu Mastodon: seva yangu ikifuta, inazitumia seva nyingine agizo la kufuta, lakini hakuna wa kuzilazimisha zitii.

Hali ya sasa

Boti inaposti kwenye mitandao mitatu kila dakika 90. Wafuasi wachache waliuliza kwa nini imepunguza kasi, kisha wakaacha kuuliza. Kinachoonekana kubadilika ni mahali watu wanapobonyeza: jina la mchoraji sasa linafunguliwa, na wachoraji wawili wameniandikia wenyewe kuleta michoro ambayo sikuiomba. Mmoja aliyenikatalia mwanzoni kabadili uamuzi kwa Bluesky tu.

Kazi zilizobaki: kumaliza kufuta za zamani, kuandika ukurasa mmoja wa masharti ambao mchoraji anaweza kuusoma kabla ya kunijibu, na kupanga siku ya kuzaliwa ya mhusika, ambayo mashabiki huijaza michoro mipya. Siku hiyo nataka ratiba isimame na boti itoe michoro ya siku hiyohiyo, ambayo wachoraji wataniruhusu mapema. Barua za kuomba zinaanza kutoka wiki ijayo.